Moshi wa Nyumba ya Vaipulu

Alhamisi, 6 Juni
Nesi Fetuao ameleta utafiti. Vijana wa kijiji wanavuta sigara. Nani anawafundisha, marafiki au familia? Swali la kijinga. Ni nyumba ya Vaipulu! Hata kuku wanajua. Nimejitolea kumsaidia nesi, maana Jumapili mchungaji anatangaza shemasi mpya, na tumebaki wawili: mimi na huyo Vaipulu, mwenye wana sita na akili ya mmoja. Nikaenda nyuma ya choo kuvuta moja, nifikiri vizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Vijana wameulizwa. Wote hawajawahi kuiona sigara. Utegemee nini mbele ya baba zao? Lakini nesi ana kifaa cha kupuliza, kinapima moshi ulio kifuani. Alitaka kuwapima Jumatatu shuleni. Nikamwambia Jumapili, ibada ikiisha, kanisa zima likiona. Akasema Jumapili vijana wanatoka kwenye jiko la umu, wameamka alfajiri kupasha mawe na kuoka magimbi. Moshi wa kuni utavuruga kipimo. Nikamjibu kwamba moshi wa dhambi hujitenga wenyewe. Akanitazama sana. Wanawake wa mjini Apia hawana imani.

Jumapili, 9 Juni
Wana wa Vaipulu wakapuliza. Namba zikapaa! Nikaguna kwa huzuni. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Akaja mwana wa mchungaji, namba ikapaa. Akaja Poutoa, mwanangu, ikapaa. Kila mtoto mtiifu aliyeoka ameonekana mvutaji. Wazazi wakaanza kunung'unika, nesi akasema alionya. Hapo Vaipulu, mnafiki yule, akaomba kwa upole nipulize mimi, watu waone kifua kisafi kilivyo.

Ningekataaje? Nikapuliza. Nikawapita vijana wote. Nikasema upesi ni moshi wa umu. Mke wangu, mke wangu mwenyewe, akauliza kwa sauti: umu upi, baba Poutoa? Tangu unioe hujageuza hata jiwe. Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Shemasi ni Vaipulu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimegundua kosa langu: sikuwa na umu. Nimemwambia Poutoa kwamba kuanzia Jumapili ijayo naoka mimi, yeye alale. Akacheka, akasema anajua ninachofuata huko, nami nimpe moja ili anyamaze. Nimempa. Tukavuta pamoja nyuma ya choo, nikimweleza ajihadhari na nyumba ya Vaipulu. Kule ndiko watoto wanakoharibiwa.