Mbuzi Aliyeuzwa Hewani

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Siku ya huzuni. Upepo wa wiki iliyopita ulibeba nusu ya paa la kigango chetu cha Katindiuka, ile nusu ya upande wa altare. Leo Padre kaadhimisha misa juani, jasho likimdondokea kwenye kitabu. Mwishoni akasema, kwa upole mno, kwamba atakuja tena baada ya wiki mbili, lakini mvua zikishaanza hatakuja mpaka paa lipatikane. Wenye miguu waende parokiani mjini.

Mama hana miguu. Yaani anayo, ila magoti yamegoma. Kutoka kwetu hadi kigangoni anakwenda kwa fimbo na kupumzika kwenye kila mti. Mjini hafiki. Njiani kaniambia kwamba akikosa Komunyo mvua zote hizi, nimhesabu kuwa amekwisha kufa ila bado anakula. Mama Wilhelmina hasemi ovyo. Nimeumia.

Baada ya misa, mnada wa kuchangia bati za paa. Mimi, Remigius, ndiye mnadishaji wa kigango, na sauti yangu haijapungua tangu niipokee kazi hii. Waumini wameleta maboga, mayai, jogoo mwenye jicho moja. Mama kamtoa mbuzi wake. Anaye mmoja tu!

Wanunuzi ndio waliokosekana. Mpunga umeshauzwa, mifuko mitupu. Tuna desturi yetu nzuri: mtu ananunua kitu, anatumbukiza pesa kapuni, kisha anakirudisha mezani kinadiwe upya. Boga moja huweza kununuliwa na ukoo mzima. Leo kila aliyenunua boga kaondoka na boga lake.

Mbuzi wa Mama akaishia bei ya nusu bati. Mnunuzi nani? Anselim, mweka hazina wetu, mtu asiyecheka, ambaye kila noti lazima aimulike juani. Nusu bati kwa mbuzi wa mama yangu! Nikakataa kugonga meza. Nimerudi na mbuzi nyumbani.

Jumanne, 7 Oktoba

Wazo limekuja! Wenye pesa hawako Katindiuka. Wako mashamba ya miwa, wako Mlimba, na hata Masagati huko nyuma ya Mlimba hawakosekani. Hawawezi kuja mnadani. Basi mnada uwaendee.

Rafiki yangu Deus ndiye mwenye simu ya upepo, ile redio ya kuongelea ya mradi wa visima. Kila jioni anaongea na vituo vya bonde zima. Nitamnadi mbuzi hewani. Na malipo? Hawala ya simu. Mtu anatoa pesa yake posta ya kwao, habari inapita kwenye waya, posta ya mjini kwetu Ifakara inanilipa. Hakuna nauli wala jasho.

Kamati imekutana leo. Nimesema kwa utulivu, kama mtu anayesoma somo la kwanza. Nikawaambia karne inakwisha, nasi bado tunabeba pesa kwenye pindo la khanga.

Anselim akasimama. Kasema kwamba yeye anajua mnada wa aina moja tu: lipa nikupe. Kauliza kama pesa inayopita kwenye waya ina rangi gani. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba hata neema haina rangi. Hawakucheka, lakini niliona wameguswa.

Mzee Gaudensi, mwenyekiti, kaniruhusu kwa sharti moja: mbuzi asitoke kwetu mpaka malipo yafike mikononi mwa mweka hazina. Nimekubali. Ni sharti la watu wasio na imani, lakini shikamoo ni yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku kuu katika historia ya Katindiuka!

Nilimwingiza mbuzi ndani ya chumba cha simu, ili wanunuzi wamsikie na wasije wakasema wameuziwa hewa. Deus alipinga. Nikamweleza kwamba mali lazima ijitambulishe. Mbuzi akajitambulisha vizuri sana, kisha akala kitambaa cha meza. Deus kasema atanidai. Sawa.

Nikafungua mnada kwa Baba Yetu. Bonde zima kimya, mivumo tu. Halafu Mlimba wakaita bei: bati tatu! Karani wa mashamba ya miwa, Bwana Alex, akapandisha: bati tano! Nikagonga meza. Nikamuuliza tumsafirishe vipi mbuzi wake. Ndipo Alex akasema, kwa sauti ambayo kila kituo kiliisikia, kwamba yeye ni mtoto wa parokia, na anamrudisha mbuzi mezani.

Machozi yalinitoka. Desturi yetu, hewani!

Baada ya hapo haikuzuilika. Mlimba hawakukubali kupitwa na karani wa miwa. Wakanunua, wakarudisha. Kituo cha Mofu wakanunua, wakarudisha. Alex akarudi tena, na safari hii akawataja marehemu wake wote kabla ya kurudisha. Mwisho mzee mmoja wa Masagati, aitwaye Beatus, akanunua kwa bati mbili, akaomba radhi kwamba ni ndogo, akarudisha. Kila mmoja kaahidi kutuma kwa hawala ya simu.

Jumla: bati thelathini na moja! Paa zima, na kibaraza! Na sharti la Mzee Gaudensi limetimia bila tabu, maana mbuzi hajatoka. Tumerudi naye nyumbani, kashiba kitambaa.

Nilipita kwa Anselim kumpa habari, kwa unyenyekevu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: kapu lilikuwa wapi? Nikamwambia kapu ni mambo ya zamani. Maskini, wivu unamla.

Mama kaniuliza kama kweli Padre ataendelea kuja. Nimemwambia aanze kuchagua benchi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kiongozi hasubiri. Nimemwita fundi Fulgence aandae paa. Ile nusu iliyobaki ina kutu na matundu, na bati kuukuu haziwezi kukaa pamoja na bati mpya. Ni aibu mbele ya Mungu. Nimeamuru zishushwe zote.

Fulgence kauliza kama bati mpya zimefika. Nimemwambia ziko njiani, kwenye waya. Akauliza ujira wake. Nikampa hizo kuukuu, azipeleke kwake. Ameezekea banda lake la nguruwe siku hiyohiyo. Mwepesi sana wa kazi, huyu.

Kigango sasa kiko wazi kabisa. Kuta nne na mbingu. Nimesimama katikati nikajisikia vizuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Posta. Dada wa dirishani ni mwungwana. Hakuna hawala yoyote kwa jina langu. Nimemwomba atazame tena. Katazama. Nikamshauri achungulie nyuma ya mashine, huenda zimesongamana. Kaniambia hazisongamani.

Nadhani Jumapili waya nao hupumzika.

Jumatano, 15 Oktoba

Posta tena. Hakuna. Dada kaniona nikiwa bado mlangoni, akatikisa kichwa.

Jioni nikaenda kwa Deus, bila mbuzi. Nikawakumbusha wanunuzi hewani, kwa lugha ya staha. Majibu nayaandika yalivyo.

Alex wa mashamba ya miwa: ameshangaa sana. Mbuzi si alibaki kwetu? Sasa yeye alipie nini, mlio? Na kama yupo wa kulipa, ni aliyemnunua baada yake. Mlimba: wao walishamrudisha mezani, kwa hiyo deni lilirudi mezani pamoja naye. Mofu: hivyohivyo, ila wameongeza kwamba wanatuombea. Kila mmoja anamtazama wa mbele yake, na wa mwisho alikuwa Mzee Beatus, aliyemrudisha kwangu. Nikapiga hesabu kwa njia yao. Mdaiwa nikatokea mimi.

Masagati hawakujibu kabisa. Mivumo tu.

Hawa si wezi. Sauti zao ni za watu wema. Hapa nyumbani mtu akirudisha boga mezani, pesa yake imeshalia kapuni na watu wamesikia. Kule hewani watu walisikia ukarimu, kapu hawakulisikia. Nimeliona kosa! Ilifaa nipige kengele ndogo kila anaponunua mtu. Nitakumbuka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua! Mapema hivi! Watu wanasema mwaka huu itakuwa kubwa kupita kawaida. Nilikimbilia kigangoni. Maji yanaingia kama mwenye nyumba. Benchi zinaelea kwa upande mmoja.

Niliporudi, nilimkuta mgeni sebuleni, binti wa Mzee Beatus, jina lake Stefania. Ametoka Masagati kwa miguu hadi Mlimba, akapanda treni. Amebeba mchele kichwani na pesa kwenye pindo la khanga. Baba yake kamwagiza alete bei ya bati mbili, kwa kuwa Masagati hakuna posta, na aliona haya kunyamaza.

Hapo nilikuwa kwenye mtihani mkubwa. Mnada wangu ulikuwa wa hawala ya simu. Nikipokea ya mkononi, mfumo wote umekufa, na Anselim atatangaza mpaka sokoni. Nikamweleza binti kwa upole kwamba siwezi kupokea. Aende posta ya mjini, ampelekee baba yake habari, baba aende Mlimba, atume kwa waya.

Alijitwisha mchele wake. Kisha akamwamkia Mama, akauliza mweka hazina anakaa wapi. Mama kamwonyesha kwa fimbo.

Jumapili, 19 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Padre alikuja, kwa ahadi yake. Mvua ilianguka kwenye Injili. Wote wakakimbilia ukutani, lakini ukuta hauna kitu cha kumkinga mtu. Mama hakuweza kukimbia. Alibaki kwenye benchi aliyoichagua, ile ya mbele, mwavuli ukapinduka. Padre alimshukia pale pale alipoketi. Alipokea Komunyo maji yakimtiririka usoni, na mikono inatetemeka kwa baridi. Kama ile nusu ya nyuma, yenye kutu na matundu, ingekuwapo, angeketi chini yake. Iko juu ya nguruwe wa Fulgence.

Nilimbeba Mama mgongoni hadi nyumbani. Ni mwepesi mno siku hizi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, taratibu, kama alimtoa mbuzi ili yeye mwenyewe anyeshewe. Nimeona haya, na sina mtu wa kumwambia isipokuwa daftari hili.

Usiku kucha anakohoa.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimesikia nyundo asubuhi. Nikaenda. Fulgence juu ya mbao, Anselim chini anampokeza bati. Bati nne alizing'oa jikoni kwake mwenyewe. Mke wake anapikia chini ya mwavuli na anasema maneno. Bati mbili zilinunuliwa kwa pesa ya Stefania. Jumla sita, zimefunika altare na benchi ya mbele. Kwingine kote, mbingu.

Anselim hakunisema. Hilo liliniuma kuliko kama angenisema. Alinipa misumari niishike.

Jioni Padre kapita kwa baiskeli, katazama, kasema inatosha, atakuja. Nilimpelekea Mama habari. Kikohozi kimepungua. Akasema mbuzi apelekwe kwa Anselim. Nilimpeleka mwenyewe, njia nzima mbuzi anagoma. Anselim kakataa kumpokea bure. Kafuata nyuma yangu hadi kwetu, kamwamkia Mama, akamwekea bei ya nusu bati kiganjani, noti baada ya noti, zote zimeshamulikwa juani. Mama akazifunga kwenye khanga. Muda mrefu sijamwona akicheka namna ile.

Watu wote sasa ni Anselim, Anselim. Haya. Lakini tuwe wakweli. Nani alimwamsha Mzee Beatus kule Masagati? Ni nani aliyeufanya moyo wa Anselim uone haya hadi akang'oa jiko? Bila simu ya upepo zingepatikana bati sita? Katika hesabu ya haki, mnada wangu umefaulu kwa sehemu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Benchi moja kavu, nyingine zote maji. Jana kwenye sala waumini walisongamana kwa Mama, wakambana hadi akalalamika. Hali hii haiwezi kuendelea. Zinatakiwa bati ishirini na tano.

Nimekutana na Deus. Bado ananidai kitambaa, lakini si mtu wa kinyongo. Kaniambia Morogoro mjini kuna mashine iitwayo faksi. Unaweka karatasi upande huu, karatasi ileile inatokea upande wa pili, na maandishi yake yote, na mihuri. Kwa waya! Nimemfanya arudie.

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Kosa la hawala ya simu ni kwamba linapita neno tu, na neno halina mwenyewe. Lakini noti ni nini? Noti ni karatasi.

Hapa Anselim hatakuwa na la kusema. Ataishika na ataimulika.

Kitu cha kunadi pia kipo. Mama ana kuku anayeatamia. Mama amelala sasa hivi, amejifunika vizuri, kikohozi kimekwisha. Nitamwambia akiamka.