Kochi Safi Mpaka Baharini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tunaenda baharini! Mimi na rafiki yangu Nekoye wa Kawangware, mjukuu wangu Christine, na Ambrose, kitinda mimba wa Nekoye, fundi wa makochi. Ambrose amepata oda yake ya kwanza nje ya Nairobi. Mama mmoja wa Kilifi mwenye nyumba za wageni anataka kochi za watu saba, rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa! Watu wengine hawajawahi kulea watoto. Akizipenda, ataagiza za nyumba zote. Akizikataa, Ambrose anarudi kupigia watu wengine misumari kando ya barabara. Nekoye ameziombea hizo kochi mpaka magoti yameisha.

Nikasema kanta, ile lori ndogo, ikienda na kochi, basi viti viko. Nekoye akasema hakuna mtu atakalia kazi ya mtoto wake. Nikamuuliza kwani kochi hutengenezwa ya kusimamiwa? Akanitazama kama amenionea huruma. Sipendi.

Mambo ya kulala ni ya Christine. Eti kwa simu kuna watu wanakukaribisha kwao bure, na hamjuani. Nikauliza hiyo kitu inaitwa aje. Akasema kochi safi. Nikaelewa hapo hapo, bila kufundishwa. Mwenye kochi safi ndiye anaruhusiwa kupokea wageni. Jambo la maana! Nimefunga vitambaa vyangu kumi na viwili nilivyofuma mwenyewe. Nikikuta kochi chafu nitaifunika, na mwenyewe aone aibu.

Shida iko moja tu. Naiandika hapa kwa sababu Christine hawezi kusoma mwandiko wangu, anasema ni kama kuku amepita. Bahari sijawahi kuiona. Mwaka wa themanini na tisa kwaya ilienda Mombasa, na mimi nilirudi na hadithi, na chupa ya maji ya bahari ya kuosha mguu wa Nekoye uliokuwa umefura. Tangu siku hiyo mimi ndio mtu wa bahari. Akina mama wa kanisa wakitaka kusafiri hata Thika, lazima waniulize kwanza. Nekoye akigundua, chai ya saa nne itakuta Kawangware yote inajua, na saa sita habari imefika mpaka Ayany, huku kwetu Kibera.

Hatagundua. Maji ni maji. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Tumelala Voi. Asante Mungu kwa mgongo.

Nimekaa nyuma ya kanta juu ya kochi ya watu watatu, na nailoni chini yangu. Nekoye naye akakaa, baada ya kusema hatakaa. Polisi akatusimamisha Emali. Akauliza sisi ni mzigo au ni abiria. Nikamwambia sisi ni mama zako. Akatazama juu, akatazama chini, akasema mama shukeni muingie mbele. Tukafinyana wanne mbele mpaka Voi. Nekoye ana nyonga kama jiwe la kusagia.

Mtito Andei nilifunga macho. Nekoye akauliza kama ninaumwa. Nikasema ni jua.

Mwenyeji wetu ni Mama Wagaki, mjane, ametoka upande wa Murang'a zamani sana. Ametupikia mukimo na kuku, na mimi si mtu wake, hajui nyumba yetu wala ukoo wetu. Nimekula mpaka nikaona haya, halafu nikaendelea. Baada ya chakula nikafanya kazi yangu. Nikapitisha kidole nyuma ya kochi yake. Vumbi! Nikainua mto. Nikapata kalamu, njugu mbili na soksi. Nikamwambia mama, asante kwa kuku, lakini kwa hii kochi nakupatia sita kwa kumi. Christine akawa rangi ya majivu. Nekoye akatazama dari.

Mama Wagaki alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hiyo soksi ameitafuta tangu Pasaka. Nikamwachia vitambaa viwili. Mama mwenye roho nzuri. Kochi ndiyo kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Kilifi. Joto kama mtu anakupumulia shingoni.

Mwenyeji wa pili ni kijana Benard, nywele kamba kamba, anakaa na wenzake wawili karibu na pwani. Ametoka mlangoni akitabasamu, akaniambia karibu bibi. Bibi! Nikamuuliza bibi ya nani? Mimi nimezika bwana, nina wajukuu tisa, na sikukuja huku kuolewa na mtu asiyechana nywele! Akarudi nyuma hatua mbili. Christine akasema Dani, ndivyo anavyoniita kwa Kiluo, huku bibi ni nyanya. Nikasema kama ni nyanya waseme nyanya. Nekoye alicheka kutoka mlangoni mpaka jikoni. Ameniita bibi harusi jioni yote.

Kuingia ndani, hakuna kochi. Hakuna! Kuna mikeka, na kitambaa kimefungwa kwa miti miwili kama mtego wa samaki, eti mtu analala humo. Nikauliza huyu amepitaje kwa kochi safi na hata kochi hana? Ndiyo Christine akanifafanulia. Si safi. Ni safu, ni safa, sijui, neno la Kizungu la kupanda mawimbi. Hapa wanapanda mawimbi juu ya ubao. Kwa simu mtu anapanda kochi za watu, moja baada ya nyingine. Hakuna ukaguzi wowote.

Nimefikiria kidole changu nyuma ya kochi ya Mama Wagaki. Nimemwambia Christine amtumie ujumbe kwamba nimemwongezea, sasa ana nane.

Hizo mbao nilikuwa nimeziona zimesimama kwa ukuta. Nilidhani ni za kupigia pasi. Nikajiuliza vijana watatu na nguo zote zimekunjamana hivi, mbao sita ni za nini?

Lakini wametupatia mikeka mizuri, wao wakalala nje. Na samaki wa kupaka nazi. Siwezi kusema kitu.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi saa nne tukateremka kuona bahari. Haikuwepo. Mchanga, mawe, majani ya kijani, na maji huko mbali kama mtu ameyafagia. Nikataka kuuliza imeenda wapi. Nikajizuia. Nekoye akanitazama. Nikasema ndiyo hii, na hata mwaka wa themanini na tisa ilikuwa imekaa hapo hapo.

Halafu nikapata wazo. Picha! Mimi na Nekoye juu ya kochi, mchangani, bahari nyuma. Akina mama wa Kibera waone, na maneno yangu ya miaka yote yapate muhuri. Ambrose alikuwa ameenda mjini kuziba gurudumu, na kochi ameziacha barazani kwa Benard. Nikawaambia vijana wabebe ile ya watu watatu. Nekoye akasema hapana. Nikamwambia zamani wazungu wote walikuwa wanakalia kochi mchangani, nimeona kwa macho yangu. Akasema basi, wewe ndiye unajua bahari.

Hayo maneno yatanifuata mpaka kaburini. Wewe ndiye unajua bahari.

Benard akasema bibi, maji yatajaa, tupige picha haraka turudishe. Nikamwambia kijana, mimi ni mtoto wa ziwa, maji hayana miguu. Tukapiga picha. Nzuri sana. Vijana wakaenda na mbao zao. Nekoye na Christine wakaenda kununua madafu. Mimi nikabaki kulinda kochi. Kulikuwa na upepo mtamu. Nikafunga macho, kidogo tu.

Nikasikia miguu imelowa. Nikamgombeza Christine kwa kumwaga maji. Nikasikia magoti yamelowa. Nikafungua macho. Bahari imerudi! Yote! Imenipita, iko nyuma yangu, iko kando! Nikataka kusimama, na hapo kochi ikainuka. Yawa! Inaelea! Mimi juu yake kama chifu, viatu vyangu vinaondoka peke yao kuelekea Bara Hindi. Wimbi likaja likanisukuma pwani, lingine likanivuta. Niliita Mungu kwa Kiluo, kwa Kiswahili, na kwa Kizungu kile nilicho nacho.

Benard na wenzake wakaja wamelalia mbao, wanapiga maji kwa mikono. Na kwa upande mwingine, Nekoye. Nekoye haogelei! Ameingia na gauni yake ya kanisa mpaka kifuani, ameshika mguu wa kochi kwa mikono miwili, anapiga kelele. Nilidhani anaita kochi ya mtoto wake. Alikuwa anaita Filister. Miaka yote ananiita Mama Oluoch, leo jina langu.

Wakatutoa. Kochi ikakaa mchangani inatiririka, rangi ya maziwa yaliyoganda. Ambrose akafika. Akazunguka kochi mara moja, akachuchumaa, akashika kichwa. Heri angenitukana.

Nekoye akakaa kando yangu. Nikangoja. Alinifuta tu mchanga begani. Basi ikanitoka. Nikamwambia sijawahi kufika Mombasa. Basi ya kwaya ilisimama Mtito Andei, nikaenda choo, foleni ndefu, nikatoka nikakuta imeniacha. Nilikaa siku tatu kwa mama mmoja muuza mahindi ambaye hakunijua, akanilisha, wakanichukua wakirudi.

Nekoye akakamua gauni. Akasema anajua. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu ile chupa. Akasema mama, uliniletea maji ya bahari ukasahau kuweka chumvi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliosha mguu nayo siku saba, na mguu ukapona. Sasa angesema nini?

Nimelia. Ni maji ya bahari yaliingia machoni. Yana chumvi kweli.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Siku mbili za kuosha kochi. Benard ameita majirani. Watu wamebeba mitungi ya maji matamu kutoka kisimani, watu nisiowajua majina, wamesuuza na kukamua, wamegeuza mito juani kama mihogo. Mama mmoja aliacha nguo zake hazijafuliwa. Nimewagombeza wanavyokamua, na wamenivumilia. Mungu awape.

Imekauka. Lakini kuna mstari mweupe wa chumvi kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kama ramani. Na harufu, si mbaya sana ukishika pumzi.

Nina mpango. Vitambaa kumi vimebaki. Vinatosha mstari wote.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mwenye oda anaitwa Bi Nereah, na kumbe ametoka kwetu upande wa ziwa, ameolewa huku. Amependa kochi zote. Amesifu mishono. Ambrose jasho tu. Kisha akasema hivi vitambaa ni vizuri, nani amefuma, akainua kimoja aone upande wa chini.

Nikawa tayari. Nilikuwa nimepanga kusema huo mstari ni mtindo mpya wa Nairobi. Nekoye akanikanyaga mguu, ule wenye kidole kibaya. Na Ambrose akafungua mdomo akasema ukweli wote, na mchanga, na madafu, na viatu vyangu. Mtoto amelelewa na Nekoye, ungetaka nini.

Bi Nereah akamtazama. Akanitazama mimi. Akauliza mtoto wa ziwa anasahauje kwamba bahari hujaa? Akaanza kucheka, akakosa pa kushika, akakalia ile ile kochi ya chumvi. Akasema kochi imeelea baharini na nyanya juu, na msumari hata mmoja haujalegea? Akasema fundi wa namna hiyo hamwachi. Hiyo itakaa barazani aonyeshe wageni, lakini Ambrose arudi mwezi ujao aivalishe kitambaa kingine, na apime nyumba zingine mbili. Na vitambaa vyangu vyote amevichukua.

Nekoye alienda nyuma ya nyumba. Nilimwona anaomba amesimama, maana magoti hayawezi tena.

Nimemwambia Ambrose akirudi nitamsindikiza. Amesema tutaongea.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Voi tena, kwa Mama Wagaki. Kochi imepigwa brashi. Vitambaa vyangu viwili viko juu, vimenyooshwa. Alisimama tu kando yake anangoja. Nikampa kumi kwa kumi. Tukakumbatiana.

Kesho tukipita Mtito Andei nitasimamisha gari. Yule muuza mahindi lazima ameshakufa, lakini nitanunua mahindi ya mtu yeyote.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Leo akina mama walikuja kwangu Soweto East, hapa Kibera, baada ya kanisa, kuona picha. Wamejaa mpaka ngazi. Nimewasimulia yote, isipokuwa yale yasiyowahusu. Nimewaambia nilipanda mawimbi. Wakakataa. Nekoye akaapa ameona kwa macho yake, tena bila ubao. Hakudanganya hata neno moja.

Nilikuwa nimemshukuru Mungu asubuhi kwa rafiki, kwa wenyeji, kwa kukaa bila uongo. Nilikuwa mwepesi kama mtu ametua mtungi.

Halafu mmoja wao, Sella, akasema mtoto wake wa Kisumu amemtumia tiketi ya ndege, na anaogopa, kwa sababu hakuna mtu hapa anayejua ndege inakuwa aje.

Wote wakanitazama mimi.

Nikasema ndege? Mbona nimepanda, tena mara mbili. Mkae mbele, nyuma inarusha.

Nekoye akapaliwa na chai. Akakohoa, akajipangusa mdomo pole pole, akaniangalia. Akasema ni kweli, yeye ndiye alimsindikiza Mama Oluoch mpaka uwanjani, na alibeba mfuko.

Wamekubaliana tarehe. Sella hasafiri bila mimi.

Kesho asubuhi Christine aangalie kwa hiyo simu yake kama kuna ndege safi.