Hatua Kumi na Mbili za Kichwa Changu

Jumatatu, 6 Mei

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama mkono haukusikii, basi soma, lakini neno lisikutoke kinywani. Hata kwa mama yako mzazi. Hasa kwa mama yako mzazi, maana kina mama wana marafiki wa saluni.

Mimi ni karani wa masjala. Napokea karatasi, nazipa namba ya kumbukumbu, naziweka kwenye majalada. Karatasi isiyo na namba naisukumia chini kabisa ya trei yangu, naishughulikia Ijumaa. Niko kwenye majaribio ya miezi sita, na yanaisha Ijumaa hii. Barua ya kunithibitisha iko kwa Mkuu wa Idara, inasubiri saini. Asiposaini, narudi kwa Shangazi, fundi cherehani, kumshikia pini.

Leo Mkuu amesimama mbele ya meza yangu. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe anatazama kichwa changu. Akasema nywele zangu za kipilipili zimekaa vizuri, laini, hazikatiki, eti nazifanyaje?

Ukweli ni huu. Jumamosi naosha. Zikiwa bado na maji napaka mafuta kidogo, nazichana kwa chanuo la meno mapana, Shangazi ananisokota misokoto minne minene. Jumapili nafumua. Wiki nzima sizigusi, ila wakati wa kulala nafunga kitambaa cha satini kilichobaki kwenye gauni la mteja. Kazi yote inaisha kabla wali haujaiva.

Lakini bosi akisikia hivyo si atasema huyu mvivu? Asiyejishughulisha na kichwa chake atajishughulisha na majalada? Nikasema, Bosi, kuna hatua. Akauliza ngapi. Mdomo ukajibu kumi na mbili. Mimi sikuwepo.

Akataka nimwandikie. Alhamisi saa tisa wakuu wa idara wanapigwa picha ya ukutani, naye amechoka kujificha ndani ya kilemba.

Jumanne, 7 Mei

Nina hatua tatu. Zinahitajika tisa zaidi.

Nimekaa jikoni na kalamu tangu alfajiri. Kila nilichokiona nimekiandika. Yai, hatua ya nne. Mtindi, ya tano. Ndizi mbivu iliyopondwa, iachwe kichwani mpaka ikauke, ya sita. Siki, ya saba. Ya nane nimerudia yai, lakini nimeliita ute. Ya tisa ni kupumzika. Hiyo naiamini. Tatu za mwisho nimezitoa kabatini.

Shangazi, pini mdomoni, akauliza naandika nini. Nikasema ripoti ya kazini. Akachungulia begani kwangu, akasema ripoti hiyo imebakiza chumvi tu, iende mezani.

Ofisini nimeichapa safi. Kichwa cha habari katikati, pambizo sawa. Nikaipa namba ya kumbukumbu, maana karatasi isiyo na namba hapa kwetu ni yatima. Nikaiweka kwenye trei ya Kutoka, juu yake nimeandika: Kwa Mkuu. Naona nimeokoka.

Jumatano, 8 Mei

Sijaokoka.

Tarishi wetu ni mzee mwenye msimamo. Miaka thelathini anasema kitu kimoja: chenye namba ni waraka, na waraka ni wa watu wote. Asubuhi ametoa nakala kumi na moja. Amegawa kila chumba. Moja ameibandika kwenye ubao wa matangazo, ule wenye kioo na kufuli. Amegonga muhuri kabisa.

Nimefika nikakuta watu wamesimama ubaoni kama wanasoma matokeo ya mtihani. Ufunguo wa ubao anao dada wa mapokezi, ambaye tunamwita Dada Kioo kwa sababu ya kioo cha kujitazamia anachokiweka mezani. Hanipendi tangu Mkuu asifie mwandiko wangu. Nikamwomba ufunguo. Akasema, mdogo wangu, ufunguo haupo, halafu mbona hatua ya nane ndiyo ile ile ya nne? Nikamwambia ni suala la kitaalamu. Akasema sawa, mtaalamu, sasa hizi ni nywele au ni keki?

Mhasibu, ambaye kichwa chake kinang'aa kama sahani, ameniletea barua akiomba kuondolewa kwenye zoezi. Alikuwa anacheka, au alikuwa hacheki. Sikutaka kubahatisha. Nimemjibu kwa maandishi kwamba ombi limekubaliwa.

Mpango wangu: kupita vyumbani kama naokota karatasi za kuweka kwenye jalada la nyaraka. Kufikia saa sita nilikuwa na nakala tisa. Zimebaki mbili. Moja imefungiwa ubaoni, nyuma ya kioo. Nyingine Mkuu ameiweka kwenye mkoba akaenda nayo nyumbani mapema. Aliniaga akisema atapitia sokoni kununua ndizi.

Alhamisi, 9 Mei

Ofisi inanuka kama tanuri la mikate. Wametii watu wanne. Mpiga chapa ana nzi wake binafsi.

Mkuu ameingia saa mbili na kilemba cha tabaka mbili, amepita bila salamu. Saa tatu akaniita. Akafunga mlango, akafungua kilemba.

Ndizi. Vipande vidogo vidogo vimekaukia kila mahali, kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mwenye haraka. Akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: mwanangu, hatua ya sita inatokaje? Sikujua. Sijawahi kuweka ndizi kichwani. Nikasema hatua ya sita ina awamu mbili. Akauliza ya pili ni ipi. Nikasema ni kumpigia simu Shangazi.

Simu iko mapokezi tu. Dada Kioo alijifanya anapaka wanja, lakini mkono wake haukusogea hata mara moja.

Shangazi akaja na mfuko wa cherehani, chanuo na kichupa cha mafuta. Akamkalisha Mkuu kwenye stuli, kichwa ndani ya sinki la chumba cha kunawia. Saa nzima ya maji. Akamuuliza, dada yangu, mpumbavu gani kakushauri haya? Nikahesabu vigae vya sakafu, viko arobaini na moja.

Mkuu akasema ni karani mmoja.

Shangazi akasema, karani huyu ninayemsokota mimi kila Jumamosi nikisubiri wali uive? Ndizi kwetu tunakula. Akamweleza yote. Maji. Mafuta kidogo zikiwa mbichi. Chanuo lianzie nchani, kidogo kidogo, lisianzie kwenye mizizi kama unang'oa majani. Misokoto minne. Kisha mikono ikae mbali, nywele si unga wa kukanda. Mkuu akauliza, ndiyo hivyo tu? Shangazi akasema, ulitaka na wimbo?

Saa tisa kasoro akamfumua. Mkuu amepigwa picha kichwa wazi. Nimemwona akijitazama kwenye kile kioo cha mapokezi, amesahau kama tupo.

Mimi nimeanza kufungasha. Kikombe changu, rula yangu.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya mwisho. Niliitwa saa nne. Nikaingia na kikombe mkononi.

Mkuu akauliza kwa nini nilitunga hatua zile. Nikasema niliogopa ataniona mvivu. Akasema asingeniona mvivu, angekuwa na nusu saa tu ya kazi badala ya usiku mzima wa ndizi. Halafu akaniuliza mbona sijamshukuru kwa barua yangu.

Barua gani, Bosi?

Akasema ameisaini Jumatatu saa mbili, hata kabla hajaja kuuliza habari za nywele, na ameiweka mwenyewe kwenye trei yangu.

Nikakimbia. Chini kabisa, chini ya mialiko ya mikutano na tangazo la kukatika maji: barua yangu, yenye saini. Haikuwa na namba.

Nilipoketi kulia, Dada Kioo alinipitishia karatasi ya kujifutia. Ilikuwa nakala ya ubaoni.

Jumatatu, 13 Mei

Leo amekuja mkuu wa idara jirani. Akaomba jalada la zamani, nikampa kabla hajamaliza kulitaja. Akashangaa, akauliza napanga majalada kwa mbinu gani.

Ukweli: mekundu kushoto, ya bluu kulia.

Nikasema, Bosi, kuna hatua. Mkuu wetu, aliyesimama nyuma yake na nywele zake nzuri, akafumba macho. Mgeni akauliza ngapi. Kumi na tisa. Anazitaka kwa maandishi, Alhamisi.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama una hatua kumi na saba za akiba, nitafute. Usipige simu, anasikiliza yule wa mapokezi. Usinitumie kwa tarishi. Njoo masjala wakati wa chakula cha mchana, rafu ya tatu, jalada la Matengenezo ya Paa, ambalo hakuna aliyeligusa tangu paa lianze kuvuja. Andika kwenye karatasi, ikunje, iweke katikati, ondoka. Usiandike jina lako. Nitaikuta, na isije ikapotea, nitaipa namba.