Muadhini na Chuma cha Mchicha

Jumatatu, 4 Juni 1934
Nimeyumba tena katikati ya adhana. Nikakamata nguzo! Ghanim mchinjaji akaimalizia, tena kwa sauti tamu, Mungu anisamehe kwa kuichukia. Imamu Muhiddin kaniita pembeni: nipumzike mpaka Maulidi. Nikiyumba na siku hiyo, adhana ni ya Ghanim moja kwa moja. Nami naadhini msikiti huu wa Msimbazi tangu ndevu zangu nyeusi! Nyama ingenipa nguvu, lakini nilikwisha kuapa mbele ya watu, Ghanim aliponiuzia mifupa mitupu: nyama haiingii kinywani mwangu mpaka aniombe radhi. Samaki nikawatia humo humo, masikini, hawakuwa na kosa. Hasira!

Jumanne, 5 Juni
Zahanati. Dresa Marcelino, msaidizi wa daktari, kijana wa Kilimanjaro, kaniamkia vizuri, kanifunua kope. Nyeupe. Kasema mzee Hamud, damu yako imepungukiwa chuma; kama nyama huli, basi kunde na mchicha kila siku. Chuma ndani ya mchicha! Nikarudi mbio. Mimi fundi wa kanzu, sumaku ya kuokotea sindano ninayo. Nikaipitisha juu ya fungu zima la mchicha. Halikutikisika jani. Nikajaribu kunde. Kimya. Nikajaribu tumbo langu. Vivyo hivyo. Nani kamdanganya kijana huyu?

Alhamisi, 7 Juni
Nimegundua! Kwa nini nihangaike na majani, na chuma chenyewe kinauzwa hapa Kariakoo? Nimetia misumari mtungini, nikasoma Bismillahi. Maji yake nitakunywa kila asubuhi. Mke wangu Saadiya kauliza kama nimekuwa mlango. Kapika kunde na mchicha, kakamulia limau, chai kaninyima mpaka chakula kishuke, eti ndivyo alivyofanya bibi yake. Nimekula kumridhisha tu.

Jumamosi, 16 Juni
Ghanim kapita barazani na maini mkononi, yanachuruzika. Kauliza, vipi sungura, masikio yameota? Nikamwambia aombe radhi. Kasema ng'ombe asiye na mifupa anaitwa pweza, nikamtafute feri kwa wavuvi. Watu wakacheka! Nimeongeza misumari. Saadiya, kunde tena. Limau tena. Ila ajabu: leo nimeinuka kwenye sijida sikuona nyota.

Jumatatu, 25 Juni, Maulidi
Alhamdulillahi! Nimeadhini mpaka mwisho, sikuyumba hata chembe. Imamu kanikumbatia. Ghanim kanishika mkono mlangoni, machozi yanamlengalenga: nisamehe ile mifupa, ndugu yangu, ila niambie, dawa gani? Nikamweleza misumari, mbele ya watu.
Nyumbani Saadiya kacheka mpaka kakaa chini. Kakiri: maji ya misumari alikuwa akiyamwaga kila alfajiri, ananijazia ya kisima. Zilikuwa kunde, mume wangu, kunde!
Nimetafakari sana. Jibu liko wazi: nguvu ya misumari ilikwisha kuingia kwenye mtungi wenyewe. Kesho naupeleka kwa Marcelino auone kwa macho yake. Kijana mpole yule. Haifai kumwacha aendelee kuwapoteza watu kwa mchicha.