Yahusu Mikeka Miwili ya Mpira na Mikono ya Binti Yako

Kwako Baba Mkwe,
Karani Mstaafu wa Mahakama,
Nyumba ya kona yenye mlango wa kijani.

Shikamoo Baba,

YAH: KUNYANG'ANYWA MIKEKA MIWILI YA MPIRA, NA NGUVU ZA BINTI YAKO KUPITA KIASI

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, mgongo ukiwa pamoja nami na ukiwa mzima vilevile, ingawa wapo watu wanaousingizia. Nimekuchagua wewe kwa sababu mbili. Kwanza, ulikaa mahakamani miaka thelathini na moja ukiandika maneno ya waongo bila kucheka. Pili, mshitakiwa ni binti yako, nami siwezi kumshitaki mbele yake, kwa sababu huwa ananisikiliza mpaka mwisho halafu ananiuliza kama nimekula.

Naomba nianze na chanzo. Unajua mimi ni saisi. Nawalisha farasi wa shule ya kupanda farasi, nawapiga brashi, nawasafishia mabanda. Zaidi ya wote namtunza jike mzee tunayemwita Shangazi, kwa jinsi anavyomtazama kila mtu kana kwamba kachelewa harusini. (Simsemi dada yako, Baba. Dada yako namheshimu.) Shangazi ana magoti mabovu. Kwenye sakafu ya saruji alikuwa halali chini kabisa, akisinzia wima siku nenda siku rudi, akihofia kwamba akijilaza hatainuka tena. Mwaka huu meneja alikubali banda lake litandikwe mikeka ya mpira, na kazi ya kuichagua nikapewa mimi.

Sikuchagua ovyo. Muuzaji alinitolea mikeka myembamba ya rangi rangi, ya kupachikana meno kwa meno, akasema hiyo ndiyo ya kisasa. Nikamwambia mnyama wa kilo mia nne na hamsini hasimami juu ya usasa. Nikachukua ile mizito, unene wa kidole gumba, yenye vinundu juu ili kwato zisiteleze, na mifereji chini ili mkojo na maji vipate njia. Nikakunja pembe ya mkeka nione kama itapasuka. Nikaunusa kama Mama Mkwe anavyonusa maziwa ya jana. Hata hivyo niliianika nje siku nne kabla ya kuitandika, maana mpira mpya una harufu yake, na Shangazi ana pua ya kulalamika.

Nilikosea jambo moja dogo, nalo ni kupima. Futikamba ilikuwepo, lakini mtu wa uzoefu wangu hapimi kwa futikamba. Nilipima kwa hatua, tena kwa nje ya ukuta, kwa kuwa Shangazi alikataa kusogea. Ikabaki mikeka miwili. Meneja akasema nikae nayo nyumbani. Hapo ndipo jinai ilipoanzia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mikeka ile miwili niliileta nyumbani niitandike barazani chini ya kiti changu, ili nikivua viatu jioni miguu yangu ipate heshima aliyopata farasi. Nilipotoka kuoga, haikuwepo. Binti yako alikuwa ameiburuta hadi stoo, akahamisha majembe na ndoo, akaiweka ubavu kwa ubavu katikati ya sakafu na kutangaza kwamba chumba kile sasa ni cha mazoezi. Nilipouliza kwa upole kwa nini asitumie sakafu tupu, alinijibu: "Mume wangu, vyuma vikianguka kwenye saruji, saruji inapasuka. Ulinifundisha mwenyewe." Ni kweli nilimfundisha. Sikujua naandaa ushahidi dhidi yangu.

2. Vyuma vyenyewe, Baba, amevitengeneza kwa mikono yake. Alichukua makopo mawili ya rangi, akayajaza zege, akayaunganisha kwa bomba la maji, akaacha yakauke siku saba. Sasa kila asubuhi nyumba inatetemeka. Anachuchumaa na kuinuka, anapiga pushapu, anahesabu kwa sauti, na seremala jirani yetu anamsaidia kuhesabu kutoka upande wa pili wa ukuta. Wiki iliyopita nilishindwa kufungua chupa ya asali. Nikaizungusha, nikaipiga chini, nikaifunga kitambaa. Akapita akiwa na beseni la nguo kiunoni, akaifungua kwa mkono mmoja na kuendelea na safari yake. Sijaila asali ile mpaka leo.

Isitoshe, anaitunza mikeka yangu kupita kiasi. Anaifuta jasho kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, hairuhusu mafuta yaiguse, hairuhusu viatu vya nje, na kila wiki anaiinua kuangalia kama kuna unyevu chini. Kila mmoja una uzito karibu wa mfuko wa saruji. Anauinua peke yake huku akiimba.

3. Hapa naomba uvae miwani. Kazini kwangu kuna mtu ananiingilia.

Kila Jumamosi mikeka ya banda la Shangazi lazima inyanyuliwe yote, isuguliwe juu na chini kwa brashi ngumu na sabuni ya maji, isimamishwe ukutani ichuruzike, ndipo irudishwe ikiwa imebanana, isiachie nafasi ya kwato kuingia. Usipoinyanyua, mkojo unatuama chini yake na harufu inamtoa mtu machozi, na kwato zinaanza kuoza. Ukitumia dawa kali ya chooni, inaula mpira. Ni kazi ya mwanamume mwenye mgongo, nami ninao.

Lakini tangu meneja anione nikishuka ngazi za ghala nimeshika kiuno (nilikuwa natafuta funguo), ametangaza kwamba saisi asiyeweza kunyanyua mikeka yake mwenyewe atahamishiwa getini, kufungulia magari. Baba, nimeishi na farasi miaka ishirini na sita. Gari halinijui. Na Shangazi hamruhusu mtu mwingine amshike miguu. Ataletewa saisi mgeni, atamkataa, na farasi mzee anayekataa watu hakai shuleni muda mrefu. Wazo hilo linaninyima usingizi, nalisema wazi.

Basi nikajikaza kisabuni. Jumamosi ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nikiwa tayari kufa na mkeka mkononi. Nikakuta yote imeshanyanyuliwa, imeoshwa, imerudishwa. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Leo ni Ijumaa, na zimeshapita sita. Huyo mtu anaosha vizuri kuliko mimi, jambo ambalo ni dharau ya wazi. Ana kasoro moja tu: mkeka wa kona huugeuza kila mara, mifereji juu na vinundu chini. Mimi huuweka sawa kwa koleo, mguu na sala, na hunichukua saa nzima. Meneja amenipongeza mara mbili mbele ya wenzangu. Sikukanusha, maana si adabu kumkatiza bosi anapoongea.

4. Hili nalisema kwa aibu. Kila Jumamosi alfajiri binti yako anavaa raba na kuniambia anakwenda kukimbia. Anarudi amelowa mpaka magotini, mikono imekunjamana kwa maji, na kichwani ana maranda ya mbao. Maranda, Baba! Nimekaa nikafikiri. Maranda yanatoka kwenye randa. Randa ni ya seremala. Seremala ndiye anayemhesabia pushapu. Nimekuachia mwenyewe umalizie, wewe uliyezoea kesi.

Nilimuuliza amekimbilia wapi. Akasema, "Huko huko."

5. Hata Shangazi amebadilika. Juzi binti yako alikuja kuniletea chakula cha mchana. Farasi ambaye miaka yote amemgeuzia kila mgeni makalio alipiga hatua mbili, akatia pua kwenye mfuko wa gauni lake na kutulia humo kama mtu aliyefika kwao. Mfukoni mlikuwa na karoti. Na jikoni kwangu, kwa takriban wiki sita, karoti zimekuwa zikipotea. Najua haya hayahusiani, lakini nayaandika ili jalada liwe limekamilika.

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha familia na utoe amri zifuatazo: stoo irudi kuwa stoo, mikeka miwili irudi chini ya kiti changu, makopo ya zege yazikwe mahali pasipojulikana, seremala ahesabu mbao zake, na nguvu za mke ziwekewe kikomo, zisizidi za mume kwa zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Ikiwa sheria hairuhusu, basi nakusihi uichukue mikono yake tu, ukae nayo huko, uniachie yeye aliyebaki, kwa kuwa huyo nampenda na sijui nitaishi vipi asipokuwepo.

Nakuachia jambo hili nikiwa na imani na kalamu yako kuliko ya hakimu yeyote uliyemwandikia. Mfikishie Mama Mkwe salamu zangu, mwambie maziwa ayanuse kwa kiasi. Msalimie dada yako, na umweleze kuhusu jina la farasi kabla hajasikia kwa wengine. Wasalimie majirani wote wa mlango wa kijani, na yule paka aliyenikwaruza siku ya posa. Nimemsamehe.

Ni mimi mkwe wako, mtiifu na mnyoofu wa mgongo,
Saisi.

TANBIHI (Jumamosi, saa mbili asubuhi)

Baba, uliwahi kutufundisha kwamba hati ikishatiwa saini haichanwi, huongezwa maelezo. Laiti usingetufundisha.

Leo niliamka alfajiri kuipeleka barua hii. Binti yako alikwisha kutoka. Nikaona nipitie kwanza kwa seremala, niwafumanie. Seremala alikuwa anakoroma. Nilimsikia dirishani, na mkewe akanifungulia akaniuliza nimepatwa na nini. Nikaenda kazini kwa hasira. Mlinzi wa geti, ambaye nafasi yake ndiyo ningepewa mimi, aliponiona alidondosha kikombe cha chai. Ndipo nikajua ni nani humfungulia huyo mtu.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Binti yako alikuwa amekunja mikono ya gauni, mkeka wa mwisho uko mgongoni kwake, maji yanamchuruzika, na Shangazi amemwekea kidevu begani. Nilimsikia akimwambia, "Sogea basi, Shangazi. Mzee wetu akija akute pamekauka. Asijue mtu kwamba hawezi kuinama." Kisha akautandika mkeka wa kona, mifereji juu. Halafu akamwaga maranda mapya, na upepo ukampulizia mengine kichwani.

Maranda ya banda letu, Baba. Nimeyakung'uta kwenye nguo zangu miaka ishirini na sita, na nilipoyaona kwenye nywele za mke wangu sikuyajua.

Sikuingia. Nilirudi mbio, kadiri mgongo ulivyoruhusu, nikajifunika shuka. Aliporudi nilimtoa kipande cha maranda kilichokwama nyuma ya sikio, nikamuuliza kama amekula. Alinitazama sana.

Futa yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja mpaka paka. Mgongo unauma. Unauma tangu mwezi wa pili. Jumatatu nitamwambia meneja ukweli, anipe mtu wa kushika upande wa pili wa mkeka. Akikataa, nitakwenda getini, ila nitamwomba Shangazi awekwe banda la karibu na geti, anione.

Lakini nakuomba usimwambie binti yako kwamba nimejua, mpaka Jumamosi moja ipite. Sasa nimerudi bandani, na nimechora mshale kwa chaki kwenye ukuta wa ile kona, na chini yake nimeandika "vinundu juu". Nataka aukute.