Skafu ya Christella

Jumatatu, 16 Juni
Christella anahamia Kanada na wazazi wake Jumamosi. Tunasoma pamoja tangu kidato cha kwanza na sijawahi kumwambia zaidi ya "samahani, naomba kupita". Mpango: nimfumie skafu ya kroshe yenye misuko, nyuzi zipandane kama nywele zilizosukwa. Akiivaa huko kwenye theluji, atanikumbuka.
Maduka ya mtaani kwetu Biryogo yana sufu ya watoto wachanga tu, waridi na njano. Nimefumua mikono ya sweta langu la shule. Shangazi Akimana, fundi cherehani aliyenifundisha kroshe, ameuliza, Usumani, una homa?

Jumatano, 18 Juni
Misuko inakula uzi. Shangazi alinionya: kila msuko unavuta kitambaa, skafu inakuwa nene lakini fupi. Nilidhani ananikatisha tamaa tu.
Mwalimu wa nidhamu ametaka kujua mikono ya sweta imekwenda wapi. Nikasema joto. Akatazama ukungu dirishani, akanitazama mimi. Hirwa, anayeongea na Christella bila hata kumeza mate, ameniita Bwana Vesti. Christella amecheka kidogo. Kwa huruma, nadhani.
Jioni nimefumua mgongo pia.

Alhamisi, 19 Juni
Imekamilika. Inazunguka shingo mara moja, ukibana pumzi.
Shangazi amesema niweke kikaratasi chenye jina langu, kwani hakuna msichana anayesoma uzi. Nimekataa. Katikati kuna nyuzi mbili zinazokutana, zinaachana, zinakutana tena. Mwenye akili ataelewa.

Ijumaa, 20 Juni
Nimezuiwa langoni kwa kukosa sweta. Leo, siku ya kumuaga.
Nimesimama nje ya uzio na skafu yangu hadi akatokea Hirwa, amechelewa kama kawaida. Nilitaka kusema, mwambie imetoka kwangu. Nikasema, mpe. Akajibu sawa kaka, Bwana Vesti, na vesti yenyewe iko wapi leo?
Nimerudi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyeniuliza kitu njiani.

Jumapili, 22 Juni
Picha kwenye kundi la darasa, nimeiona kwa simu ya Shangazi. Christella ameifunga skafu kwenye mpini wa sanduku lake, ili alitambue uwanja wa ndege. Kanada sasa ni kiangazi. Kitabu cha jiografia kilisema. Nilikuwa nasoma kurasa za theluji.
Amemshukuru Hirwa. Hirwa amejibu kwamba si yeye, ni Usumani. Christella akauliza, Usumani yupi?
Swali limekaa pale mchana kutwa. Shangazi ameniambia niandike neno moja tu: mimi. Nikamrudishia simu yake.
Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Misuko ilikuwa myembamba mno. Nimeanza glavu, misuko minene, bila kikaratasi. Safari hii ataelewa.