Vizibao vya Njano

Kwa niaba ya Idara ya Udhibiti wa Mwenendo, ambayo mimi ni mkurugenzi wake msaidizi, natangaza kwa fahari kwamba uhalifu sasa unakomeshwa kabla haujatendwa. Wenzetu bado wanahangaika kukimbizana na wezi. Sisi tumeachana na mambo hayo ya kizamani. Mwizi anakimbia, anachosha askari, na ukimkamata unakuta ni ndugu wa mkubwa fulani.

Utafiti wa kina, uliofanyika ofisini kwangu baada ya chakula cha mchana, ulibaini kwamba mkengeufu ni mtu yeyote anayekwenda tofauti na wenzake. Tukaandaa mwongozo. Waziri akautia saini bila kuusoma, kama wafanyavyo viongozi wenye imani na watendaji wao.

Mkengeufu wa kwanza alipatikana siku hiyo hiyo. Gari la mkurugenzi lilinasa kwenye dimbwi nyuma ya soko, naye aliposhuka akatumbukia hadi magotini. Watu wote wakainamisha vichwa kwa heshima. Fundi viatu mmoja akacheka. Hakuiba, hakumpiga mtu, hilo nakiri, lakini hatari iko hapo hapo: mtu anayeanza na kicheko ataishia wapi?

Tukamvisha kizibao cha njano kilichoandikwa mgongoni ANACHUNGUZWA. Hiyo si adhabu. Ni huduma kwa majirani, ili wajue wa kumwogopa.

Matokeo yaliridhisha mno. Wateja walimkimbia. Hata shemeji yake alipita na viatu vilivyoachama mbele, akajifanya hamjui. Fundi akawa anashinda kwenye benchi lake mikono mitupu, akitazama miguu ya wapita njia. Askari wetu wakaripoti kwamba mshukiwa hafanyi kazi na anakodolea macho mali za watu, jambo ambalo mwongozo ulikuwa umelitabiri. Tukaamua kwamba asipopata wateja mwezi huo, benchi litaondolewa na nafasi yake apewe raia mwema.

Mkewe, fundi cherehani, akaja ofisini. Hakulia wala hakupiga magoti, nami nikakereka.

"Mzee, mvueni mume wangu hicho kizibao," alisema. "Watu wanaogopa kumwachia hata kandambili. Tutakula nini?"

Nikamweleza kwa upole kwamba kizibao kitavuliwa mara tu wateja watakapoonyesha kumwamini.

"Sasa watamwamini vipi naye amekivaa?"

"Hilo, mama, ni suala la wateja. Sisi hatuwaingilii."

Akanitazama kidogo, kisha akauliza kama mtu asiye mkengeufu amekatazwa kuvaa njano. Nikapekua mwongozo. Hakuna katazo. Akashukuru, akaenda zake, na mimi nikaendelea na chai yangu.

Basi mama yule akaketi kwenye cherehani. Alianza kujishonea mwenyewe, na maandishi mgongoni, neno lile lile. Akafuata kaka yake, yule wa viatu vilivyoachama, ambaye alisemwa mbele ya mama yao mpaka akaona haya. Kisha kinyozi, kisha wauza mboga, kisha mwalimu mkuu. Inaonekana waliomcheka mkurugenzi kimoyomoyo walikuwa wengi kuliko utafiti wetu ulivyokadiria. Mtaa mzima ukawa njano, na benchi la fundi likafunikwa na viatu. Nikaandika taarifa kwa waziri kwamba wananchi wamejitokeza kwa hiari kushukiwa.

Waziri akafurahi, akaja kujionea. Tuliingia mtaani watatu, yeye, mkurugenzi na mimi, tumevaa suti nyeusi. Hatukufika mbali. Askari wetu wapya, niliowafundisha mwongozo mimi mwenyewe, wakatuzuia kwa sababu hatukufanana na wenzetu. Waziri akajitambulisha. Askari akamjibu kwamba kila anayekamatwa huwa ni mkubwa fulani, na kwamba tungeachiwa tu tukidhaminiwa na mkazi wa pale. Akamwita fundi viatu.

Fundi akaweka nyundo chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Sura nimewahi kuziona," alisema. "Ila kumdhamini mtu asiye na kizibao, hapana. Nina familia mimi."

Waziri akatoa pochi, akataka vizibao vitatu haraka.

"Vipo," alisema mke wa fundi. "Lakini nawashonea wanaoaminika mtaani. Muaminike kwanza, ndiyo mje."

"Tutaaminika vipi bila kizibao?" waziri akafoka.

"Hilo ni suala la mtaa, baba. Mimi siwaingilii."

Waziri akanigeukia, akauliza ni mpumbavu gani aliyeandika mwongozo huu. Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba saini ni yake. Mkurugenzi akasogea kando, akamwambia askari kwamba hajawahi kutuona sisi wawili.

Tumewekwa ukutani, juani. Watu wanapita kwa mbali. Mama mmoja alipotukaribia alihamishia mkoba wake bega la pili, akaharakisha. Nilitaka kumwambia kwamba mimi si mwizi, mimi ni mkurugenzi msaidizi. Lakini nilivyokuwa nimesimama pale, jasho linanitoka, macho yanahangaika huku na huku, hata mimi nisingejiamini.